Karamu ya Sahani Tupu

Orrin Haugen, dereva wa gari la kusukuma theluji mjini Duluth, alikuwa ameumba ufalme wa hadithi. Aliuumba nyuma ya usukani, baridi baada ya baridi: angani miezi miwili, nchini majoka yenye matumbo manne, na hata pa kujisaidia joka alipapangia. Kilichobaki ni kura ya kikundi cha waandishi, ili Jumamosi apande jukwaa la maktaba asome mbele ya mji mzima. Alilitaka jukwaa lile kuliko pensheni.

Mara ya kwanza walimkatalia.

"Bwana Orrin, wanawake wako wanakoroga supu tu," alisema Bernadine, mwenyekiti. "Joka matumbo manne, malkia hana hata neno moja?"

Orrin akaenda, akaugeuza ufalme juu chini. Wiki iliyofuata wanawake wakawa majemadari, wanaume wakabaki nyumbani. Akasoma kwa mbwembwe mpaka kwenye karamu ya ushindi: majemadari wameketi, wanaume wakaingia kwa maringo, kila mmoja na sahani mkononi.

"Sahani zina nini?" Bernadine akauliza.

"Sahani tu. Za karatasi."

Watu wakacheka nusura waanguke vitini. Maana hata kwenye mikutano yao wanawake huja na mabakuli ya chakula cha moto, wanaume na sahani za karatasi. Orrin hakuwahi kuona mwanamume akileta kingine.

"Jeshi lako litakufa njaa, babu wewe! Nani kapika?"

Alirudi nyumbani kanywea. Mkewe, Marlys, hakumwonea huruma.

"Tumbo la joka unalijua lote, mume wangu. Viazi vya humu ndani unadhani vinajimenya?"

"Nifundishe basi."

"Kisu kile pale. Na usikishike kama usukani."

Mkutano uliofuata Orrin alikuja na vidole vimefungwa plasta, bakuli la nyama ya kusaga na viazi, na sura mpya ya hadithi yake. Ndani yake mpishi wa jeshi, mwanamume mwenye vidole vilivyokatikakatika, anamfokea malkia: amenye viazi au akalale njaa. Malkia anamenya, huku akitukana kuliko askari wake.

Mikono yote ikapanda juu. Bakuli, lililoungua juu na chumvi tele ndani, halikupata hata mla wa pili.

"Jukwaa lako, bwana," Bernadine akasema, akigugumia maji. "Chakula tuachie sisi. Wewe lete sahani."

"Sahani ataleta Marlys," Orrin akajibu kwa fahari. "Bakuli ni langu."

Wakatazamana kwa hofu.