Triga ya Nedra

Lowell Stangeland alikuwa na ugomvi mmoja tu maishani, na aliurudia kila vuli na kila aliyesukuma mlango wa karakana yake pale Haskell Creek, Montana. Mtu anaingia na bunduki mpya ya dukani, zile za bei nafuu zenye kitako cha plastiki na komeo la kusukumia risasi ndani kwa mkono, anailaza mezani kwa madaha, anasema, fundi, nitengenezee hii iwe ya kipekee. Lowell hata haigusi.

"Inapiga unapolenga?" anauliza.

"Inapiga vizuri sana, ndiyo maana nataka..."

"Basi rudi nayo nyumbani."

Watu wakadhani ni maringo ya fundi mkongwe. Wapi! Maneno yake yalikuwa na mashiko. Bunduki za zamani za Kijerumani zilichongwa kutoka pande moja la chuma, na fundi akizitia tupa zinamkubali. Hizi za kiwandani ni habari nyingine. Mtutu umekazwa kwa nati ambayo mtu yeyote mwenye spana anaifungua gerejini kwake, fundi wa nini? Kitako kimemiminwa kwenye kalibu. Vipuri vya bunduki nyingine haviingii. Na triga, hapo ndipo penye kazi, ni vibati vilivyokatwa kwa mashine na kupangwa ndani ya kisanduku, kila kimoja kikimtegemea mwenzake. Ukikisugua kimoja, umevivuruga vyote. Na ukitaka kuitengeneza kweli, utalipa mara mbili ya bei uliyoinunulia, upate kitu kinachopiga palepale kilipokuwa kikipiga. "Hii ni bunduki ya kazi," alikuwa akisema. "Piga, futa, weka kabatini."

Miaka arobaini alishikilia msimamo huo. Kisha akaja Nedra.

Nedra alikuwa dada mkubwa wa mkewe, Ardis. Mjane wa miaka sitini na minane, mdomo wake haupumziki, na vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi. Kila mwaka, siku msimu unapofunguliwa, yeye na Ardis hupanda mlimani wawili peke yao kuwinda elki, kulungu wa huko, mkubwa kama ng'ombe. Ardis hutangulia kwa sababu ndiye mwenye macho ya kusoma nyayo. Nedra humfuata hatua moja nyuma. Wamekwenda hivyo tangu wasichana.

Jumapili moja, wakila mkate mwembamba wa viazi na siagi, Nedra aliweka mkono wake mezani mbele ya Lowell.

"Shemeji, kitazame hiki kidole. Mwaka jana nilivuta triga mpaka elki akachoka kunisubiri, akaondoka."

"Nunua bunduki nyingine."

"Kwa pensheni ipi? Ya kwako? Hii aliniachia marehemu. Ilainishe tu."

"Hizo sizigusi, Nedra. Unajua."

"Anagusa za matajiri," Nedra akamwambia dada yake. "Sisi wengine tuna ukoma."

Ardis hakucheka. Baadaye jikoni, akiosha sahani, alimwambia mumewe polepole, "Mzee wangu, huenda huu ndio mwaka wake wa mwisho kupanda mlima. Mfanyie." Naye Lowell, ambaye kwa Ardis hakuwahi kujua kukataa, akakubali. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Alifanya kwa uangalifu, hilo tumpe haki yake. Alitafuta bunduki mbovu ya aina ileile kwenye lundo la vyuma vyake, akajaribia hiyo kwanza. Alikisugua kile kilimi cha chuma kinachoizuia pini isiigonge risasi, akaweka springi laini, akapaka grisi kidogo. Kisha akafanya vilevile kwa ya Nedra. Alifunga komeo kwa nguvu mara hamsini, akagongesha kitako sakafuni, akapiga kwa nyundo ya mpira. Kilimi hakikuteleza hata mara moja.

Lilibaki jambo moja. Baba yake, aliyemrithisha karakana ile, alikuwa na sheria: triga yoyote iliyoguswa lazima ilale usiku mmoja ndani ya friza kabla haijarudi kwa mwenyewe, maana mlimani si karakanani, na chuma kwenye baridi kina tabia zake. Lakini Nedra alikuja kuichukua jioni ya kuamkia msimu, amechelewa, pikapu inanguruma nje. Lowell akaanza kusema habari ya friza. "Shemeji, unataka kuila au kuirudisha?" Akacheka, akaichukua, akaenda zake. Lowell akabaki ameshika kitambaa cha mafuta. Roho haikutulia. Akaichukua ile bunduki mbovu aliyoifanyia majaribio, akailaza ndani ya friza juu ya nyama, akaenda kulala.

Asubuhi dada wawili walishaondoka zamani, kabla ya mapambazuko. Lowell akatia kahawa, akafungua friza, akaitoa bunduki ikiwa imeota barafu nyeupe. Akafunga komeo. Kimya, vizuri. Akafunga tena. Vizuri. Mara ya tatu akafunga, na kidole chake hakiko hata karibu na triga, akasikia ndani ya chuma sauti ndogo: tak.

Pini imeanguka. Ingekuwa na risasi, ukuta wa jikoni ungetoboka.

Akarudia mara kumi. Mara tatu kati ya kumi ilijifyatua. Grisi ilikuwa imeganda, na kilimi kilichosuguliwa hakikuwahi kupanda kuishika pini. Lowell aliketi kwenye kiti. Hakuwa mtu wa kusali, lakini alisali. Nedra hutembea chumba cha risasi kikiwa kitupu, anasukuma risasi ndani pale tu wanapomwona mnyama. Na wanapomwona mnyama, Ardis hupiga goti mbele, na Nedra yuko wapi? Nyuma yake. Mtutu umetazama wapi? Hilo hakutaka kulifikiria, na hakuweza kufikiri kingine.

Simu huko mlimani haishiki. Alijaribu hata hivyo, akaendelea kujaribu huku akiendesha kwa mkono mmoja kwenye barabara ya barafu, mpaka akaitupa sakafuni. Alilikuta gari la Nedra mwisho wa njia, limefunikwa theluji nyembamba. Nyayo zao zilikuwa wazi: za Ardis ndogo na zenye kina, na juu yazo, karibu kabisa, za buti pana za Nedra. Zinafuatana zikipanda msitu wa misonobari.

Akazifuata mbio, mzee wa miaka sitini na minne mwenye goti bovu. Baada ya robo saa akasimama ghafla, kwa sababu jambo jingine lilimjia akilini. Vijiti vilikuwa vinavunjika chini ya miguu yake. Elki naye akija hivyo ndivyo anavyosikika. Akiwakaribia kwa kishindo hiki, Nedra atasema mnyama huyo anakuja, na atafanya nini? Atafunga komeo. Yeye mwenyewe ndiye atakayeifyatua ile bunduki.

Basi apige kelele wajue ni mtu. Akaita, "Ardis! Nedra!" Upepo ukamrudishia jina la mkewe usoni. Wawindaji wa elki hutembea wakiukabili upepo ili mnyama asinuse jasho lao, na Ardis alijua kazi yake. Kila anayekuja nyuma yake, sauti yake inapeperushwa kurudi alikotoka. Lowell hakuwahi kuogopa hivi. Hakuogopa hivi hata siku daktari alipomfungua kifua. Akawa anakwenda taratibu ili asivunje vijiti, kisha anaona taratibu ni kuchelewa, anakimbia, kisha anavisikia vijiti, anasimama. Machozi yalimtoka na kuganda kwenye ndevu, naye akilia kwa sauti kama mtoto, maana nani angemsikia?

Ndipo mlio wa bunduki ukasikika. Mmoja tu, juu ya genge, kisha mwangwi.

Pale Haskell Creek wana msemo: risasi moja ni nyama, mbili ni labda, tatu ni hewa. Mtu yeyote mwingine mlimani asubuhi ile alitabasamu. Lowell alipanda lile genge kwa mikono na magoti.

Alipofika juu alimwona Nedra. Amesimama peke yake kwenye uwazi, kizibao cha rangi ya machungwa, bunduki mkononi, ametazama chini. Ardis hayupo. 

Kisha nyuma ya tumbo kubwa la kahawia lililolala thelujini, kichwa cha Ardis kikainuka, na kisu mkononi.

"He, shemeji," Nedra akasema. "Harufu imekufikia huko huko nyumbani?"

Lowell alishika mti. "Nani amepiga?"

"Mimi," Ardis akajibu. "Una nini? Umepauka."

"Nedra. Yako ina risasi ndani?"

"Imo. Nilimwona mnyama wakati mmoja na yeye, nikafunga komeo, lakini mdogo wangu mchoyo akaniwahi."

"Ulikuwa umesimama wapi ulipoifunga?"

Nedra akaonyesha kwa kidevu. Theluji ilikuwa imeandika yote: mashimo mawili ya magoti ya Ardis, na hatua moja nyuma yake, buti za Nedra. Lowell aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akaelekeza mtutu kwenye udongo wa genge, akainua komeo taratibu. Risasi ikadondoka, ya shaba, safi. Akaitoa na zile zilizobaki. Kisha, kwa bunduki tupu, akafunga komeo. Kimya. Akafungua, akafunga. Kimya. Akafungua, akafunga.

Tak.

"Hiyo nini?" Nedra akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijaona ukivuta."

"Sijavuta," Lowell akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Ardis alikuja, damu ya elki mpaka viwikoni. Aliyatazama mashimo ya magoti yake, akazitazama zile buti nyuma yake, akapeleka mkono wake kisogoni, chini ya msuko wa nywele zake, akauacha hapo, damu na yote.

"Nilikuomba mimi," akasema.

"Nilikubali mimi. Na friza sikuitumia."

Nedra alikuwa ameketi kwenye theluji. Alirudia tu, "Nilimlenga mgongoni, nilimlenga mdogo wangu mgongoni," na hakuna aliyemwambia si kweli. Lakini nyama haingoji. Ardis alimpa mumewe kisu aendelee kupasua, akaona anavyokata ovyo, akamnyang'anya.

Lowell aliirudishia bunduki ile triga yake ya kiwandani, nzito kama ilivyozaliwa, na sasa Nedra huivuta kwa vidole viwili na hukosa mara nyingi kuliko kupata. Vijana bado huingia karakanani na bunduki zao za plastiki, na bado huambiwa warudi nazo nyumbani, nao bado hudhani ni maringo. Lowell hawaelezi kisa. Ile bunduki mbovu ameirudisha ndani ya friza, chini ya nyama, na Ardis akitafuta soseji huisogeza pembeni.

Msimu uliofuata dada wawili walipanda tena mlimani. Lowell aliwasindikiza mpaka mwisho wa njia, akasimama kando ya gari, akiwatazama wakifunga vizibao. Nedra alikagua bunduki yake mara mbili kama ni tupu, akamwonyesha Ardis, Ardis akaingiza kidole ndani ya chumba kuhakikisha. Kisha Nedra, ambaye hajui kusoma nyayo, akatangulia. Hakuna aliyemwambia atangulie.