Koti la Serikali, Mabuti ya Phinées

Koti lenyewe lilikuwa moja. Tuanzie hapo, maana wapo watu hadi leo wanaodhani Televisheni ya Kilimani, mali ya serikali pale Butembo, ilikuwa na kabati zima la makoti. Kabati gani bwana. Kulikuwa na msumari ukutani, na juu ya msumari koti jeusi lililopoteza kifungo cha pili. Jumamosi alilivaa Mariette, msomaji wa habari wa siku hiyo, akaficha ile nafasi ya kifungo kwa ua la kitambaa. Siku nyingine zote lilikuwa la Phinées.

Phinées alikuwa msomaji wa habari, na kuanzia kiunoni kwenda juu hukuweza kumtoa kasoro. Koti, tai, nywele zilizochanwa, na sauti ya kumfanya hata mwizi akae vizuri kitini. Kuanzia kiunoni kwenda chini lilikuwa jambo lake na Mungu wake. Mshahara wa Kinshasa ulikuwa unajijia wenyewe unapotaka, basi kutwa alikuwa mlimani nyuma ya kituo akipalilia viazi vyake. Saa ya habari ikikaribia, alishuka mbio, akatupa jembe mlangoni, akanawa uso, akachomoa koti msumarini na kuketi nyuma ya meza na kaptura ya kuchezea mpira na mabuti ya plastiki yaliyojaa matope. Kamera ilikuwa inaishia kwenye tai. Nchi iliridhika.

Papa Lusenge naye aliridhika, au ndivyo Phinées alivyojidanganya. Huyu Papa Lusenge alikuwa baba yake Nadège, na Nadège ndiye aliyemkosesha Phinées hamu ya kula. Familia ilikuwa imekimbia Kirumba mwaka ule vita ilipofika huko. Waliacha viazi ardhini, wakaja kubanana kwa ndugu yao Butembo. Mzee alishinda kwenye duka la jirani akitazama televisheni, mikono imelala mapajani. Phinées alikuwa amepeleka posa, na jibu lilikuwa la Jumapili. Mama yake Nadège alituma neno moja tu: "Aje na ile koti, batu ya parcelle bamuone." Yaani majirani wote wa uani.

Shida ni kwamba koti halikuruhusiwa kuvuka mlango wa kituo.

Wiki hiyohiyo akaletwa Hénock kutoka Kinshasa, na kazi ambayo pale Kilimani hakuna aliyewahi kuisikia: stratégie ya mitandao. Alikuwa na simu mbili na viatu vyenye ncha, ambavyo matope ya Butembo yalivitia adabu siku ya kwanza. Lakini tumpe haki yake. Vita ilikuwa imejaza simu za watu uvumi. Ndani ya WhatsApp mji ulitekwa asubuhi na kukombolewa mchana, huku habari ya kweli imekaa studio ikingoja umeme urudi. Hénock alisema serikali iingie Facebook, en direct, yaani moja kwa moja, iwakute watu pale walipo. Hapo hakukosea.

Phinées akamfuata. "Chef, niko na shida. Naomba koti siku ya Jumapili, asubuhi tu."

"Ndeko, ndugu yangu," Hénock akamjibu, "unifanyie direct ya kwanza leo. Batu elfu moja bakitazama, unabeba koti na musumari yake."

Wakakubaliana. Hénock akaifunga simu kwenye mpini wa ufagio, ufagio akausimamisha ndani ya ndoo ya mawe. Phinées aliona simu imesimama wima, wala hakufikiri kitu. Alizoea kamera ya zamani, yenye picha iliyolala. Kumbe simu iliyosimama inamchukua mtu mzima, na ile meza, niliwaambia? Haikuwa na ubao wa mbele. Ilikuwa na miguu minne tu, ukiongeza na ile miwili ya Phinées.

Mariette aliona. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Phinées akadhani ni mafua, akaendelea na tangazo la kuwaomba raia watulie. Alipofika mahali pa kusema serikali imesimama imara, mguu ukamwasha, akajikuna kwa buti la pili. Bonge la tope likaanguka. Kuku wa mlinzi, aliyekuwa akija kila siku saa ileile kutafuta minyoo ya bure, akaingia chini ya meza na kuanza kudonoa buti. Phinées akamsukuma polepole kwa mguu, kuku akarudi, akamsukuma tena. Uso wake haukutikisika hata kidogo, na hicho ndicho kilichowamaliza watu mbavu.

Mtu mmoja wa Mangina akaandika: "Juu serikali, chini raia." Kabla habari hazijaisha neno hilo lilikuwa limefika Beni, na jioni vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, walikuwa wakilipigia kelele kwenye mteremko, mbao zao zikibeba makabichi. Ile elfu moja ilipitwa zamani sana. Hénock alicheza ndombolo peke yake uani.

Phinées alipoonyeshwa ile video alikaa chini. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimpenda yule binti kwa moyo wote, na sasa baba yake alikuwa ameyaona magoti yake.

Jumapili akaenda hata hivyo, na koti, suruali ya kuazima na viatu vilivyobana. Uani pote watu walikuwa wakiuma midomo. Papa Lusenge alimwonyesha kiti, akalitazama koti muda mrefu.

"Hii koti ninaijua," akasema. "Siku ya posho, Jumamosi, mama moja anaivalaka. Kifungo ya pili hapana. Nikaambia bibi yangu, huyu kijana hana koti, alafu iko na nini? Nilikuwa tayari kukatala."

Phinées akafunika nafasi ya kifungo kwa kiganja.

"Sasa ile mabuti. Nayo ni ya serikali?"

"Hapana, Papa. Mabuti ni yangu."

"Na matope?"

"Ya shamba yangu, nyuma ya kituo. Nimepanda birayi, viazi."

Mzee akaiangalia mikono yake. "Tangu tutoke Kirumba, hii mikono haijagusa udongo," akasema taratibu. "Kesho uniletee ile mabuti. Jibu itafuata."

Asubuhi Phinées akayapeleka. Mzee akayavaa bila maneno, akachukua jembe, akapanda mlima. Saa ya habari ikafika hajashuka, ikabidi Phinées asome pekupeku. Simu ikasimama wima, maana Hénock hakuwa mtu wa kubadili kitu kinachomletea watazamaji.

Maswali yakamiminika. Mabuti iko wapi? Nani ameiba? Serikali ijibu. Hénock akanong'ona kwamba raia lazima wajibiwe, hiyo ndiyo stratégie. Phinées akainama kusoma maoni, na katikati yake akakuta ya Nadège. Akayasoma hewani, kwa sauti ileile ya tangazo la serikali:

"Mabuti iko ku miguu ya Papa, na anakatala kushuka. Amesema ndiyo. Mama anauliza kama koti itakuwako siku ya ndoa."

Kisha akajaribu kuendelea na habari za barabara ya Beni, akasoma mstari uleule mara tatu, na Mariette akaja kumalizia.