Siku Tuliyopanga Hadithi kwa Umri

Baba yangu alikuwa na mguu mbovu, na bado ndiye aliyetangulia. Tukitoka Kasigau kutafuta mbegu tulipita porini mmoja nyuma ya mwingine, wakubwa mbele, sisi watoto nyuma tukila vumbi. Kama kuna ndovu njiani, akutane na mkubwa kwanza. Siku moja tulikutana na punda tu, akatufuata mpaka nyumbani, lakini hayo tuyaache.

Mimi kukaa sijui. Hata kusimulia haya nimeshasimama mara tatu. Shule niliacha darasa la pili. La tatu nililichungulia dirishani. Uzeeni, hapa Voi, nikaingia gumbaru, darasa la watu wazima, kwa sababu moja: mjukuu wangu wa Nairobi anajua Kizungu tu, na Desemba angekuja na kitabu chake. Mama yake aliniuliza kwa simu, "Baba, anataka umsomee. Utaweza?" Nikasema naweza. Mdomo huu!

Darasani mwalimu alisoma, sisi tukarudia kwa pamoja. Nilipaza sauti kuliko wote. Hakuna aliyejua nasoma kwa masikio.

Siku hiyo mwalimu, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, akaikata hadithi ya Kizungu vipande, kila mtu sentensi yake. "Someni kimoyomoyo, halafu mjipange. Hadithi ianzie ubaoni, iishie mlangoni."

Tukajipanga bila kusoma. "Mzee, tangulia, wewe ndiye mkubwa wetu," wakanisukuma ubaoni. Nyuma yangu wawili walibishana nani alizaliwa kabla ya mwenzake.

Mwalimu akapitia vipande, akacheka mpaka akashika meza. "Jamani! Watu wa hadithi wamelala kabla hawajaamka! Mzee, hebu soma yako."

Herufi nilizijua moja moja, kama majirani wasiosalimiana. Nikangoja mtu asome kwanza nirudie. Wote wakanigeukia.

"Soma basi," akasema mama muuza ndizi. "Si wewe ndiye redio yetu?"

Wakacheka. Miguu ikaanza kuwasha.

"Si neno, mzee," mwalimu akasema polepole. "Yako ni ya mwisho. Nenda pale mlangoni, tutakufikia."

Nikawapita wote, karatasi mkononi. Desemba ilikuwa imebakisha wiki tatu. Nikafika mlangoni, miguu haikusimama. Nikavuka uwanja, nikavuka na lami. Nyuma niliwasikia wakianza kusoma, mmoja baada ya mwingine, wakija upande wangu. Sikungoja zamu. Na sikurudi tena.