Dalali Asiye na Gari

Dalali wa magari anayekuja kwangu hana gari. Huita la kukodi kwa simu, hushuka akicheka, kisha hupiga teke tairi la gari langu kama anayemsalimu rafiki. Kila akitaja bei hujifuta shingo kwa leso. “Uza, mzee wangu. Mbele huko hakuna atakayekuwa na gari lake. Unabonyeza simu, linakuja, linakufikisha, linakwenda zake.” “Na wewe utakula nini?” “Nitauza simu!”

Leo nilikubali, maana tangu nimzike mke wangu gari linakaa tu. Dalali akaingia kiti cha abiria, magoti yakagonga dashibodi. Akainama kushika chuma cha kukisogeza nyuma, halafu akanitazama. “Mama alikuwa mfupi?” “Alikuwa hanifiki begani.” Akaurudisha mkono wake, asikiguse kile chuma. Akatoka, na yeye ambaye hubamiza milango akaufunga ule kwa viganja viwili. “Leo sinunui,” akasema. “Nipeleke nyumbani.” Akapanda nyuma, miguu upande, akaniomba nipite polepole kwa majirani zake, wamwone ana dereva.