Kichanja cha Mama Tekla

Juzi hapa Mbamba Bay usipa wa mtu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ulilowa mvua kichanjani ulikoanikwa, huku sisi tuliojikinga barazani tukiulizana ni wa nani.

Nikakumbuka siku moja ya utoto wangu, harufu ya mvua ikija kutoka ziwani, na mama akikimbilia kichanja cha Mama Tekla, jirani yetu aliyekuwa amepanda milimani Mbinga kumzika mwanawe.

“Mama, usipa wetu unalowa!”

“Nauona. Lete beseni.”

“Lakini wewe na Mama Tekla si hamsemezani?”

“Kwani samaki wanasema? Zoa!”

Wetu ulioza wote. Mama Tekla aliporudi, alilikuta beseni mlangoni kwake, limejaa usipa mkavu. Akaja, akamkumbatia mama, wakalia kwa muda mrefu.

Mimi nilidhani wanaulilia usipa wetu.