Ujumbe Uliokwama Siku ya Mafuriko

Jamani, sikilizeni. Siku mto ulipovunja kingo, kompyuta zetu zote ziliganda.

Hazikuzimika. Hazikuonyesha kosa lolote. Zilikuwa zinanguruma tu, kazi haisogei hata chembe.

Mimi nafanya kazi ofisi ya kutabiri mafuriko. Ramani ya mto tumeikata vipande vipande, kila kompyuta inapigia hesabu kipande chake. Ikimaliza hatua moja, inamtumia jirani yake ujumbe: kwangu maji yamefika hapa, kwako je?

Mchana huo mvua ilikuwa inamwagika kama imetumwa. Simu ikaita. Dada yangu.

"Mdogo wangu, tuhame au tukae?"

Anakaa bondeni, chini ya daraja. Alikuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji, kutembea kwenyewe kwa kujikongoja.

"Shemeji yako anasema tusubiri tangazo lenu."

"Nipe muda kidogo, dada."

Nikazima programu, nikawasha upya. Ikaganda palepale.

Mkuu wetu akaingia, shati limelowa. "Toeni matokeo ya asubuhi. Yalisema hali ni shwari."

"Mkuu, asubuhi mvua haikuwa hii!"

"Una matokeo mengine?"

Sina. Nikawasha tena. Ikaganda tena. Nilitamani kulia, mtu mzima mimi.

Mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Mama Pacha, akavuta kiti. "Acha kuitesa hiyo mashine. Tuichungulie."

Chungulia ni kiprogramu alichokiandika mwenyewe. Hakina picha wala madoido. Unaandika jina lake kwenye kioo cheusi, kinakuorodheshea ujumbe uliokwama njiani: umetoka kompyuta gani, unaenda wapi, una ukubwa gani.

Akaandika. Ikatoka mistari miwili tu.

Kompyuta ya kipande cha darajani inataka kuipa ya bondeni ujumbe. Ya bondeni inataka kuipa ya darajani. Kila moja imeng'ang'ania kutoa kwanza, hakuna inayopokea.

"Sasa mbona siku zote hazikwami?" nikauliza.

"Siku zote ujumbe ni mdogo. Unahifadhiwa pembeni, aliyetuma anaendelea na kazi zake. Huu umezidi ile nafasi, lazima mwenzake aupokee mkononi."

"Umezidi kwa nini? Ndani una nini?"

Mama Pacha akautazama tena ule ukubwa kiooni. Kisha akasema polepole, "Orodha ya sehemu zilizofunikwa na maji."



Programu haikuwa imeharibika hivi hivi. Ujumbe ulikuwa unakua kadiri maji yanavyopanda. Kilichozigandisha kompyuta ni mafuriko yenyewe, makubwa kuliko yote tuliyowahi kuyapigia hesabu.

"Mkuu! Toa tahadhari sasa hivi!"

"Hesabu imeisha?"

"Haitaisha, mkuu! Huku kuganda ndiyo majibu!"

Akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamlengalenga.

Mkuu akanyanyua simu. Ving'ora vikaanza kulia.

Nikampigia dada. Hapatikani. Nikapiga tena na tena mpaka simu ikawa ya moto mkononi.

Jioni ikaingia namba nisiyoijua.

"Mdogo wangu... tuko shuleni huku juu. Tulitoka ving'ora vinalia. Mtoto mzima."

"Shemeji je?"



"Alitufikisha, akarudi kumbeba mama mwenye nyumba. Mama kaletwa na watu. Yeye maji yamemchukua."

Shemeji tulimzika wiki hiyohiyo. Programu tuliirekebisha kwa mistari michache tu, huyu apokee kwanza, yule atoe. Nilipomaliza niliinamia kibodi, sikuweza kunyanyuka.

Ndugu zangu, chombo kikikwama siku ya hatari, msikimbilie majibu ya zamani kwa sababu yanafariji. Ulizeni kimekutana na nini. Na mkishajua, pigeni kelele hapohapo, msingoje hesabu ikamilike.