Ajemi wa Mama Mkwe

Nilipoolewa Voi kutoka Ronge, miaka ya hamsini, nilikuwa nimesilimu karibuni, na Kidawida, lugha ya kwetu, ndicho kilichojaa mdomoni mwangu. Mama mkwe wangu alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho. Miaka yote alisoma Yasini kila Alhamisi, akimwombea marehemu mumewe. Sasa herufi zilimpotea, na kwa kichwa alikumbuka vipande tu. Mume wangu alifanya kazi reli, hakuwa nyumbani siku nyingi.

"Utanisomea wewe, mwanangu," akaniambia. "Jifunze."

Basi kila alasiri tulikwenda kwa mwalimu wa wanawake, mimi na msahafu, yeye na fimbo yake. Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mkali, na hakuchoka kutukumbusha kwamba wazee wake walikuwa Washirazi. Herufi za kooni zilinishinda. Wenzangu walicheka, kanga midomoni.

"Huyu ni ajemi," mwalimu akasema siku moja. "Bi mkubwa, mtafutie msomaji mwingine."

Nikaanza kukunja mkeka wangu. Mama mkwe hakuinuka.

"Mwalimu, huko Shirazi kwa wazee wako ni wapi?"

"Uajemi. Nani asiyejua?"

"Haya. Basi humu ndani ajemi ni mmoja au wawili?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka hata akafuta machozi, na hapo ndipo nilipompenda. Kisha akatueleza kwa upole kwamba zamani Waarabu walimwita ajemi kila asiyejua lugha yao, kwa kumdharau. Baadaye jina likawakaa watu wa Uajemi, nao wakalivaa bila haya, na wengi wao wakawa wanazuoni wa dini hii hii.

"Nimekuita vibaya," akaniambia. "Kesho uje kabla ya wenzako."

Akanianzisha upya, tangu alifu. Shaabani ilipoingia akaniruhusu kumsomea mama mkwe Yasini.

Alhamisi ile nilisoma polepole, mama mkwe kando yangu. Nilipokosea alinigusa goti kwa kidole. Nikarudi nyuma, nikasoma tena. Tulipomaliza alinishika mkono. "Ajemi wangu," akasema, "Mungu akuweke."

Ameniweka, alhamdulillahi. Sasa namsomea yeye, marehemu, sura ile ile. Mahali paliponisumbua bado natua kidogo, kana kwamba kidole chake kinakuja.